Maziwa ya Fundi wa Rangi

Nimewahi kuwanyima wanangu maziwa nikampa mume wangu, tena si siku moja wala mbili. Nilifanya hivyo miaka na miaka, na kila nilipommiminia nilijiona mke mwema. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure huko mbele.

Mume wangu alikuwa fundi wa kupuliza rangi. Kazi hiyo alijifunza Singida mjini, Utemini, kwenye gereji ya Mhindi mmoja, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Huko ndiko walikomwambia kwamba fundi rangi akimaliza kazi lazima anywe maziwa. Maziwa, walisema, yanashuka yakizoa sumu kifuani na kutoka nayo. Mafundi wote waliamini hivyo. Wachomeleaji vyuma walikunywa, wasaga unga wa mashine walikunywa, na hata leo nikipita kwenye gereji nawaona vijana wamekaa kwenye matairi na pakiti zao za maziwa. Hakuna aliyeuliza kitu kilichomezwa tumboni kinafikaje kwenye mapafu. Mimi niliyesafisha matumbo na mapafu ya mbuzi tangu utoto, niliyeona kwa macho yangu kwamba njia ya chakula na njia ya hewa ni mbili tofauti, nami sikuuliza.

Alikuwa mtu wa ndevu na kicheko. Ndevu zilimjaa uso mzima, wateja wakamwita fundi wa ndevu, naye akazitunza kwa mafuta na kitana kama bibi harusi. Kicheko chake ndicho kilichonipata mimi. Kilianza polepole, kikapanda, ukadhani kimekwisha, kumbe kilikuwa kinageuza tu, kikaanza upya. Nyumbani walinitakia mtu mwenye ng'ombe wengi. Mimi nikamtaka huyu anayecheka mpaka mwisho, na ng'ombe alikuwa nao wachache tu.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mgori, kila kaya ilipewa kiwanja kwenye mstari wa barabara. Watu walijenga nyumba mpya, na tembe nyingi za zamani zilibomolewa ili wenyewe wasije wakazirudia. Tembe la baba mkwe lilinusurika kwa kuwa lilikuwa karibu, na mwenyekiti wa kijiji alikubali liwe karakana. Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Lilikuwa na kuta nene za udongo, paa la udongo, mlango mmoja mfupi wa kuinama, na dirisha halikuwepo kabisa. Kwa fundi rangi wa Singida hiyo ilikuwa nyumba ya ndoto.

Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Unaanza asubuhi jua likishapanda, unavuma mpaka jioni, na haupiti mikono mitupu. Puliza rangi nje saa nne, saa tano utakuta umepaka mchanga. Kwa hiyo alipulizia ndani. Baiskeli, mabati ya mashine za cherehani, makabati, fremu za vitanda, vyote viliingia tembeni. Alimwaga maji sakafuni vumbi lilale, akafunga mlango kwa ngozi ya ng'ombe, akaziba nyufa kwa magunia mabichi. Juu ya paa alitoboa tundu akapachika kioo cha lori kilichovunjika, mwanga ukapata kuingia. Taa aliikataza, na sigara hakuna aliyethubutu kuisogeza karibu, maana tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inashika moto kuliko petroli. Moto aliuogopa sana. Hewa yenyewe hakuiogopa.

Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo umeme nilikuwa mimi. Nje ya ukuta tulikuwa na mtungi wa hewa uliotolewa kwenye breki za lori, na pampu ya kukanyaga kwa mguu. Nilikanyaga, mtungi ukajaa, mpira ukapita kwenye tundu la ukuta mpaka kwenye bunduki yake ya rangi. Hatukuweza kusikilizana, basi alikuwa na kijiko. Akigonga ukuta mara moja, ongeza. Akigonga mara mbili, basi, pumzika. Nilikanyaga nikiimba, nikiangalia watoto, nikichambua mchicha kwa mikono. Nilikuwa na miguu ya kushindana na wanaume, na bado ninayo kidogo.

Baadaye alitoka, ndevu zimekuwa za bluu au za kijani kutegemea kazi, kitambaa kibichi kimefungwa puani. Alikohoa, akatema, akakaa kwenye kigoda. Nami nilimletea kikombe chake.

"Safisha kifua, baba watoto," namwambia.

Anakunywa mpaka tone la mwisho. Binti yetu wa kwanza, alikuwa na miaka sita hivi, alisimama akiangalia kikombe kinavyopanda. Akiniomba, nilimjibu asubiri baba kwanza. Ng'ombe tuliyekuwa naye wa maziwa alikuwa mmoja, na ukame ukija alitoa kidogo. Mtoto alizoea kusubiri, na mara nyingi alisubiri kitu kisichokuja.

Kicheko kilianza kukatika bila mimi kuona kimeanza lini. Kilipanda vizuri, lakini kikifika pale pa kugeuza kinakutana na kikohozi, na mume wangu anainama, anashika magoti, machozi yanamtoka. Watoto walidhani bado anacheka. Nikimwambia kifua hiki si kizuri, ananijibu ni vumbi tu, masika yamekosa. Basi mimi kwa akili zangu nikaongeza maziwa. Kutoka kikombe kimoja vikawa viwili.

Mwaka ule kijiji kilikuwa kinajenga zahanati. Wanawake tulibeba maji na mawe, wanaume walifyatua matofali, kila mtu alikuwa na jasho lake pale. Mwenyekiti akapata vitanda vinane vya chuma, vya zamani, vyenye kutu, vilivyotupwa huko mjini. Akaja kwetu mwenyewe, akasema fundi avitie sura viwe vyeupe, wagonjwa wasione kutu. Kutoka mkoani ikaletwa rangi ya pekee, ambayo walisema hospitali kubwa zote zinapakwa hiyo kwa sababu haibanduki hata ukiosha kwa dawa kali.

Ililetwa kwenye boksi. Makopo yalikuwa ya aina mbili, kubwa la rangi na dogo la dawa ya kukaushia, unachanganya ndipo unapuliza. Maandishi yalikuwa ya kizungu, marefu, ya wadudu wadudu. Mume wangu alisoma Kiswahili vizuri, hayo hakuyaweza. Lakini kulikuwa na picha kwenye kila kopo. Kichwa cha mtu, puani kimevaa kitu kama pua ya nguruwe. Wakati huo tulinunua kila kitu kwa picha. Kiberiti kilikuwa chapa hii, majani ya chai chapa ile, sabuni ilikuwa na mnyama wake, betri zilikuwa na mnyama wake. Basi nasi tukaipa rangi yetu jina, chapa Pua. Mume wangu alisifu. Alisema hawa wametafuta chapa ambayo mtu hawezi kuisahau.

Ndani ya boksi hilohilo, chini kabisa, kulikuwa na kitu cha mpira mweusi kama kikombe kilichochongoka, chenye mikanda ya kufungia nyuma na matundu mawili ubavuni. Pamoja nacho kulikuwa na vikopo bapa vilivyofungwa kabisa kwa karatasi ngumu inayong'aa. Tulikigeuzageuza. Mimi ndiye niliyetoa jibu, na nililitoa kwa kujiamini kweli. Nikasema hii ni ya ndama.

Usinicheke bado. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ndama akikaribia kuachishwa lazima umzuie asinyonye, na kazi hiyo tuliifanya kwa kumpaka mama yake kinyesi kwenye chuchu, ambacho kesho yake unakiosha wewe kwa mikono yako. Nilipoona mpira wenye umbo la mdomo, wenye mikanda ya kisogoni na matundu ya kupitisha pumzi, nilijua wazungu wametukumbuka wafugaji. Tukamjaribishia ndama. Ukamkaa vizuri kabisa. Vile vikopo bapa nikaviweka kapuni kwangu, maana vilikuwa vizuri na nilidhani siku moja nitavitia chumvi.

Ndama akaacha kunyonya, maziwa yakaongezeka. Mume wangu akapata vikombe vitatu.

Siku ya kwanza alipuliza vitanda viwili. Nilikanyaga pampu asubuhi yote, na hata huko nje harufu ilinifikia, tamutamu, tofauti na zile tulizozoea. Alipotoka alikuwa na furaha. Vitanda viling'aa ukajiona uso. Alikunywa maziwa yake, akala ugali na mlenda, akasema atalala kidogo.

Saa kumi jioni nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Kila pumzi ilipiga filimbi. Alijaribu kuniambia kitu, neno likatoka nusu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimpa maziwa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya, na naomba niliseme kama lilivyo. Nilimshika kichwa nikamwekea kikombe mdomoni, mtu ambaye hana hata nafasi ya kuvuta hewa, na maziwa yakampalia.

Nilipoona macho yake niliogopa. Nilipiga kelele, majirani wakaja na mkokoteni wa ng'ombe, tukampakia amekaa, maana kulala alikataa kwa mikono. Mganga wa zahanati yetu mpya alikuwa amefika mwezi huohuo, kijana wa Kinyiramba, mwembamba, anatibia kwenye chumba kimoja cha ofisi ya kijiji akisubiri jengo liishe. Sisi tulimwita daktari. Alimchoma sindano polepole sana kwenye mshipa, akiangalia saa yake, na mimi niliangalia mabega. Niliahidi mengi moyoni siku hiyo. Jua lilipogusa miti mabega yakaanza kushuka, filimbi ikapungua, na mume wangu akasema neno lake la kwanza zima. Aliomba maji.

"Alikuwa anafanya nini leo?" daktari akaniuliza.

Nikamweleza. Tembe, mlango wa ngozi, magunia, kitambaa kibichi. Nilipofika kwenye maziwa nilitegemea anisifu.

"Mama, maziwa ni chakula," akasema. "Yanakwenda tumboni. Hayajawahi kupita kifuani."

"Sasa kifua kinasafishwa na nini?"

"Hakisafishwi. Kinazuiwa kuchafuka."

Sikumpenda kwa jibu lile. Nilikuwa nimebeba kikombe kile miaka yote, na kijana wa juzi ananiambia nilikuwa namwagia maji mchangani. Lakini niliyakumbuka mapafu ya mbuzi.

Kesho yake alikuja mwenyewe kuiona karakana. Mume wangu alikuwa amelala nyumbani, kachoka, amekatazwa kusogea. Daktari aliinama mlangoni mwa tembe, akaingiza kichwa, akakitoa haraka. Akaniambia ning'oe ngozi na magunia yote. Kisha akaokota kopo, akalisogeza machoni, akasoma kimyakimya huku midomo ikicheza.

"Na hii mliielewaje?" akaniuliza, kidole kwenye picha.

"Hiyo ni chapa yake," nikasema. "Chapa Pua."

Akanitazama kuona kama namtania. "Mama, hii siyo chapa. Wanasema anayepuliza avae hivi. Wameandika hapa chini, asiyevaa asipulize. Na wanasema kifaa kimo ndani ya boksi."

Nikamwambia ndani ya boksi hakukuwa na kifaa chochote isipokuwa ile zawadi ya ndama. Akasema zawadi gani. Nikamwonyesha kwa kidevu, maana ndama alikuwa palepale nyuma yake, amefungwa kwenye mti, anatutazama, amevaa.

Yule kijana aligeuka. Alimtazama ndama, akalitazama kopo, akamtazama tena ndama. Alianza kucheka, kisha akanitazama usoni akaacha. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Kitu cha kumwokoa mume wangu nilikuwa nacho nyumbani, nikamvisha ndama, ili yapatikane maziwa ya kumpa mume wangu. Nililia kwa hasira, na hasira ilikuwa yangu mimi mwenyewe, sikuwa na mwingine wa kumpa.

Daktari alikivua kile kifaa, akakitazama kwenye mwanga, akapuliza kwa mdomo kuona kipande chembamba cha mpira cha kutolea pumzi kama bado kinacheza. Kilicheza. Nikamletea vile vikopo bapa kutoka kapuni. Kwa bahati chumvi ilikuwa bado haijanunuliwa. Akasema hivyo ndivyo vichujio, vinapachikwa kwenye yale matundu mawili, na kama tungevifungua vingekuwa vimekufa. Siku hizi mnaita barakoa na kila mtu anaijua. Wakati ule nilikuwa wa kwanza kijijini kuijua, na ilikuwa na mate ya ndama.

Niliiosha kwa sabuni mara tatu. Jumapili daktari akaja tena, akamwambia mume wangu ajaribu kuivaa, apate kumwonyesha inavyokaa, kwa ajili ya kazi nyingine za mbele. Mume wangu akafunga mikanda. Daktari akamwambia azibe vichujio kwa viganja, kisha avute pumzi. Ikimnyonya uso ujue imekaa, ikipitisha hewa pembeni ujue ni pambo. Akavuta. Hewa ikapita kwenye ndevu fyuu, tukaisikia wote. Akakaza mikanda, ikapita tena.

"Ni ndevu, mzee," daktari akasema. "Hapo pana nafasi ya kupita kuku."

Mume wangu akafungua mikanda. Jumatatu asubuhi nilikuwa nachota maji, niliporudi nikamkuta mtu mgeni uani, kidevu cheupe, mashavu yameingia ndani. Mtoto mdogo alijificha nyuma yangu akilia. Alikuwa amenyoa zote. Ndevu alizokataa kuzinyoa hata siku ya harusi yetu, alizinyoa kwa wembe na kipande cha kioo, akajikata mara mbili. Akavaa barakoa, akaziba, akavuta, nayo ikamnyonya uso ikashika. Akanionyesha kwa vidole vitanda sita vilivyobaki.

Nikamwita daktari. Alifika mbio, akamkuta mtu yuko tayari na bunduki mkononi.

"Hapana, mzee," akasema. "Wewe rangi hii ndiyo basi."

"Nimenyoa," mume wangu akasema.

"Naona. Nakupa pole na ndevu. Lakini kifua chako kimeshaichukia hiyo dawa ya kopo dogo. Kikishaichukia hakisahau. Ukivuta hata kidogo, mpira ukihama hata kidogo, kitafunga kama siku ile, na mimi sindano ninazo chache. Rangi nyingine upake kwa brashi, nje, penye hewa. Hii usiikaribie tena maisha yako yote."

Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akikosa cha kufanya na mikono yake. Aliweka bunduki chini, akashika kidevu, akakuta hakuna kitu, akaushusha mkono. Nilimwonea huruma iliyoniuma. Lakini zaidi ya huruma nilikuwa na woga, maana nilimjua. Daktari akiondoka, wiki ikipita, mwenyekiti akija kuuliza vitanda, angeingia tembeni. Angeingia kwa ajili ya jina lake. Nami ningekanyaga pampu nikisikiliza kijiko mpaka kitakapoacha kugonga. Kwa hiyo nikasema kabla hata sijafikiri.

"Nitapuliza mimi."

Wote wawili wakanigeukia.

"Sina ndevu," nikasema. "Na kifua changu kilikuwa nje ya ukuta miaka yote."

Daktari alifikiri. Akaniuliza kama nina mimba. Nikamjibu kwamba wa kunipa mimba hana pumzi tangu mwaka juzi. Kijana wa watu akaangalia juu kama anayekagua paa, ingawa tulikuwa nje na paa halikuwepo. Mume wangu akafunika uso kwa mkono, na mabega yakatikisika, nikadhani amekasirika.

Hakukasirika siku hiyo, alikasirika kesho yake. Aliniambia kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika. Alisema watu watasema fundi ameolewa. Mimi nikamwambia wataongea siku tatu, na nikiwa mjane nitakaa mjane miaka thelathini, achague. Siku mbili alizunguka uani na kigoda chake. Ya tatu akaja na bunduki iliyojaa maji matupu, akanipeleka kwenye ukuta wa tembe.

"Usiishike kama mwiko," akasema. "Mkono utembee sawa. Anza kabla ya kufika, acha ukishapita."

Tukaanza hivyo. Nilipuliza maji juu ya ukuta ule siku nyingi, yeye amekaa kwenye kigoda akinikosoa, na alikuwa mwalimu mwenye mdomo mchafu na jicho zuri. Niliponyosha mstari wa kwanza usio na michirizi hakunisifu. Alisema tu sasa tutafute siku.

Tembeni hatukurudi. Daktari alikataa katakata, hata kwa aliyevaa, akasema ndani ya chungu kilichofunikwa mvuke hauna pa kwenda. Basi tukaushinda upepo kwa kuamka mapema. Kuna saa moja Singida, alfajiri kukishapambazuka mpaka jua lipande mtini, ambapo upepo bado haujaamka. Tulivipanga vitanda nje, mbali na nyumba, mbele ya uzio wa minyaa. Tulimwagia ardhi maji. Watoto na mifugo walibaki kwa jirani. Mipira ya pampu tuliunga vipande mpaka ikawa mirefu ajabu, ili anayekanyaga awe upande wa juu kabisa, ng'ambo ya minyaa, huko harufu isikofika. Na anayekanyaga sasa alikuwa yeye, polepole, kwa kipimo alichopewa na daktari.

Nilivaa koti lake la zamani lenye mikono mirefu, glavu za daktari, miwani ya mtu wa pikipiki tuliyoazima, kanga kichwani. Nikavaa barakoa, nikaziba vichujio, nikavuta. Ikaninyonya uso. Nikavuta pumzi ndani yake, na niliyoisikia ilikuwa harufu ya mpira na sabuni basi. Rangi ilikuwa mbele yangu, inaruka kama ukungu wa Januari, na mimi sikuinusa kabisa. Nilisimama pale kidogo bila kufanya kitu. Nilikuwa nawaza kwamba hiki ndicho alichostahili kuvaa miaka yote.

Nilikuwa na kijiko kiunoni. Niligonga chuma cha kitanda mara moja, ongeza, na ng'ambo ya minyaa nikasikia mguu wake ukikaza. Tulifanya kitanda kimoja tu asubuhi ile. Upepo ulipoanza kugusa kanga yangu nikagonga mara mbili, nikatoka upande wa juu, nikavua nguo za kazi palepale, nikanawa uso na mikono, ndipo nikamzungukia.

Alikuwa amesimama karibu na pampu, kidevu chake kipya kinang'aa kwa jasho, na mikononi alikuwa na kikombe. Alikuwa ametoka kukamua mwenyewe kabla hatujaanza. Kimejaa mpaka ukingoni.

"Safisha kifua, mama watoto," akasema, na aliitamka kwa sauti yangu, vilevile nilivyokuwa nikiisema mimi.

Nilikipokea. Binti yetu alikuwa amekuja kutoka kwa jirani, amesimama pembeni akiangalia kikombe, anasubiri kama nilivyomzoesha. Nikampa yeye. Hakukipokea mara moja. Alimtazama baba yake kwanza, apate ruhusa, na hilo liliniumiza kuliko ndama.

"Kunywa," baba yake akamwambia. "Mama yako kifua chake kiko safi. Amevaa mdomo wa ndama."

Kisha akacheka. Kilianza polepole, kikapanda, kikafika pale pa kugeuza, nami nikashika kikombe kitupu alichonirudishia mtoto, nikisubiri kikohozi. Kikapita. Kikaanza upya, kikaenda mpaka mwisho, na mtoto akajifuta mdomo akauliza kama kuna kingine.